Fishi ya Kompyuta na Siku Kumi na Saba za Kimya

Bunia, Jumamosi. Mvua asubuhi, jua tangu saa sita.

Dorcas mwanangu,

Umeenda kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia bila kula. Mama yako yuko jikoni anakukaushia samaki wa safari. Kwa hiyo meza ni yangu mpaka jioni. Nimeifuta, nimeweka karatasi hizi upande wa kushoto na fishi yako upande wa kulia. Ndiyo, ile fishi, fomu yako ya kompyuta.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kanisa utakalosali. Mama yako ameyasema hayo mara tatu, na nyanya yako anayasema sasa hivi. Nataka kukueleza kwa nini karatasi ya nusu ukurasa ilikaa juu ya kabati langu majuma matatu bila saini, na wewe unaondoka kesho na ndege ya asubuhi.

Nianze na karatasi yenyewe, ili uone kwamba nilikusikiliza. Kule Kisangani, katika nyumba ya wanafunzi, home kama munavyoiita, kila chumba kina tundu la waya ukutani. Mwanafunzi anachomeka kompyuta yake hapo. Lakini tundu linabaki kama la panya mpaka fundi wa home aingize mashine yako katika orodha yake, naye haiingizi mpaka aone fishi imejazwa na kusainiwa na mzazi. Jina kamili la mwanafunzi. Jina la baba. Jina la mama. Kijiji cha asili. Territoire, yaani wilaya. Anwani ya nyumbani. Fishi inapokelewa siku ya kuingia tu; ukiikosa siku hiyo, unangoja mwaka mwingine. Na maprofesa siku hizi wanaweka masomo humo humo kwenye internet. Ulinichorea hata ukuta na waya. Mimi nikasema, “Nitaona.”

Juma la kwanza ulicheka. “Papa, unaogopa nini? Ni internet, si polisi.”

Mama yako akadakia, “Muache. Papa yako hata kwa muuza sabuni anataja jina ya uongo.”

Juma la pili ulisema kwamba bila fishi ile, kompyuta yako ni sinia ya kuwekea bugali. Juma la tatu hukusema kitu. Jumatano nilikusikia nyuma ya nyumba ukimwambia mama yako, “Nitaenda hivyo hivyo. Nitakuwa naazima ya wenzangu.” Hukuwa na hasira katika sauti. Ulikuwa umeshazoea. Hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuzoesha.

Unajua kwamba zamani watu waliniita Papa Phonie, lakini hukuwahi kuniuliza vizuri, na mimi sikukueleza. Wakati wa vita ile ya mwanzo simu za mkononi zilikuwa bado ni hadithi. Mtu wa Bunia akitaka kusema na ndugu yake wa Aru au wa Mahagi-Port alikuja kwenye phonie: radio kubwa ya kusemea, betri ya gari, na waya wa antena uliofungwa kati ya miti miwili ya mikalitusi. Poste yangu ilikuwa nyuma ya soko. Jina lake hewani lilikuwa Mapendo. Saa mbili asubuhi nilikuwa nawasha, nikiita poste moja baada ya nyingine: “Hapa Mapendo Bunia. Unanipata? À vous, zamu yako.” Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu yao. Kila mtu wa benchi alisikia habari za kila mtu, na si wa benchi peke yake. Yeyote mwenye radio kwenye fréquence ile, kutoka Nyankunde mpaka ziwani, alisikia. Hatukuona ajabu. Ndivyo phonie ilivyokuwa.

Nilikuwa nimemaliza humanités, sekondari yetu, nina diploma yangu, na nilikuwa napenda kazi iende kwa utaratibu. Miezi ya kwanza niliwaacha watu watume habari walivyotaka. Ndipo siku moja ikaja habari kutoka Aru: “Mwambieni Jean mama yake amefariki.” Nikamtuma mtu kwa Jean, fundi wa baiskeli niliyemjua. Wakakata mti, wakafunga hema, akina mama wakalia mpaka sauti zikakauka. Siku ya pili mama yake Jean akashuka kwenye lori na kuku mkononi, akauliza, “Nani amekufa hapa?” Kumbe alikuwa Jean mwingine. Mji mzima ulicheka. Mimi sikucheka, nilitunga sheria. Tangu siku ile hakuna habari iliyotoka Mapendo bila jina kamili, jina la baba, kijiji cha asili, na kama ni safari, inaanza siku gani na inapita njia gani. Nilichora mistari katika daftari. Na kila habari niliisoma mara mbili, kwa sauti, ili aliye upande wa pili asikosee.

Soma tena fishi yako, utaiona phonie yangu.

Vita ilipopanda, watu wakaanza kunong’ona. Waliniomba, “Papa Phonie, sema kwa ufupi tu.” Nami nikajibu kwamba ufupi ndio uliomzika mama yake Jean akiwa hai. Nilijiona mwenye akili.

Mama Josefina unamfahamu kwa sura, ni yule mama anayeuza maharage nyuma ya soko, ambaye mimi kila nikimwona navuka barabara. Alikuja poste siku ya Jumanne. Mama yako alikuwa na mimba yako, tumbo limeshaonekana. Alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mchele. Mama Josefina alitaka kumtumia kaka yake wa Aru habari za mwanae.

“Andika tu hivi: Dieudo anakuya juma hii, mumungojee.”

“Dieudo gani, mama? Wako wengi.”

“Yeye anamujua.”

“Jina kamili,” nikasema. “Na la baba yake. Na kijiji. Na njia.”

Aliangalia benchi. Aliangalia mlango. Mama yako aliacha kupepeta akaniita kwa jina langu, polepole, jambo ambalo hafanyi mbele ya watu. Nilijifanya sijasikia. Mama Josefina akataja vyote: Dieudonné, jina la mume wake, kijiji chao, Alhamisi, baiskeli, barabara ya Mahagi. Nikasoma mara ya kwanza. Aru wakasema hawanipati vizuri. Nikasoma mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi.

Unajua nchi yetu. Jina la baba na jina la kijiji vinatosha mtu kujua wewe ni wa kabila gani, na siku zile vilitosha kwa mengine pia.

Dieudonné hakufika Aru. Jumatatu dereva mmoja wa lori alipita poste kunywa chai, akanisimulia kwamba kwenye barrière fulani, kizuizi cha barabarani mbele ya Mahagi, wenye silaha walikuwa wanamtafuta kijana mwenye baiskeli. “Walikuwa na jina yake mu karatasi,” akasema. “Jina yake, jina ya baba, jina ya kijiji, siku ya safari, njia.” Alivihesabu kwa vidole, kwa mpangilio ule ule wa mistari ya daftari langu. Sikumwuliza kitu. Alipoondoka nilipanda juu ya paa, nikafungua waya wa antena, nikaukunja. Watu walipokuja niliwaambia betri imekufa. Jioni nikaandika katika daftari langu la siku: “Betri imekufa. Poste imefungwa.”

Unajua madaftari yangu, yamejaa sanduku zima. Humo nimeandika mvua, safari, mimba, mazishi, hata siku niliyompiga kaka yako bila haki. Katika miaka yote hiyo kuna mstari mmoja tu wa uongo, ndio huo.

Nilikaa kimya siku kumi na saba. Nilipowasha tena, poste ya Mahagi-Port haikujibu. Watu wake walikuwa wamevuka ziwa kukimbia. Miezi ikapita. Kisha siku moja tukasikia Dieudonné amerudi Bunia, mzima kabisa. Kila mtu alienda kumsalimia isipokuwa mimi. Sikuuliza aliponaje. Kwangu ilitosha kujua kwamba jina lililosemwa kwa sauti lilikuwa karibu kumuua mtoto wa watu, na funzo nililobeba lilikuwa fupi: jina lisitoke nyumbani.

Ukazaliwa ndani ya funzo hilo. Ulipokuwa na miaka kumi uliandika insha ya shule kuhusu kijiji cha babu, ng’ombe wake na kile kijito. Mwalimu alitaka kuisoma mbele ya wazazi. Niliichukua mezani, nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikakuambia uandike nyingine kuhusu usafi. Uliandika kuhusu usafi. Ulipata alama nzuri pia. Insha ile ninayo bado, iko ndani ya daftari la mwaka ule. Naona haya kukuambia kwamba nimeisoma mara nyingi.

Sasa vita imerudi. Watu wa Djugu wamejaa tena kwenye kambi, barabara zinafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka, na ndiyo sababu unaenda kwa ndege. Ukaja na fishi yako yenye mistari ile ile. Sikuweza kushika kalamu.

Baada ya kukusikia Jumatano, nililala vibaya, na Alhamisi nikaenda kwa Mama Josefina. Nilitaka kumwomba msamaha kabla ya kuamua. Nilikuwa nimeandika maneno yangu katika daftari, kwa namba.

“Papa Phonie!” aliita kabla sijafika uani. “Leo hakuna barabara ya kuvuka?”

Alikuwa ameketi anapukuchua maharage kwenye beseni. Nikabaki nimesimama.

“Kaa. Hapana ile, ile kiti iko na mguu mubaya. Kaa hii.”

Nikakaa, nikafungua daftari, nikaanza namba moja. Akaniangalia mdomo wazi.

“Weye, hata kuomba musamaha unasoma mu daftari?”

Alicheka mpaka akashika ubavu. Nikafunga daftari, nikasema kwa mdomo mtupu: nilimlazimisha kutaja asichotaka kutaja, na jina la mwanae lilifika barrière kwa sauti yangu.

Akaacha kucheka. “Ni kweli,” akasema. “Nilikuchukia. Lakini haukuuliza Dieudo alipona namna gani?”

“Sikuuliza.”

“Basi sikia. Njiani kule kulikuwa mama infirmière, muuguzi, mu dispensaire, iko na phonie. Ulisoma mara ya kwanza, hakushika. Ulisoma mara ya pili, akasikia jina ya bwana yangu na jina ya kijiji. Akasema, kumbe ni mutoto ya ule muzee aliyenijengea nyumba! Alikamata jembe, akasimama kando ya barabara siku mbili, analima mahali hakuna shamba. Kila baiskeli: ‘Weye ni wa fulani?’ Hapana. ‘Weye ni wa fulani?’ Dieudo akasema ndiyo. ‘Shuka,’ akamwambia. Akamupitisha njia ya ziwa mpaka Mahagi-Port.”

Nikasema, “Kwa hiyo jina...”

“Ngoja. Usifurahi mbio. Uko na kosa, lakini si ile umebeba.” Alirudi kupukuchua, macho kwenye beseni. “Dieudo alifika Mahagi-Port. Kila asubuhi, saa mbili, alisimama pale na mutu wa phonie: ‘Mapendo Bunia, unanipata? Mapendo Bunia, unanipata?’ Siku kumi na moja, Papa Dorcas. Na siye hapa tulikuwa tumekalia matanga yake. Yule dereva alikuwa amesimulia mu soko pia. Tulilia mutu mwenye anatuita kila asubuhi.”

Nilisikia maharage yakidondoka.

“Bwana yangu alikufa siku ya tisa ya matanga. Ugonjwa ilikuwa ile ile ya zamani, haikuongezeka. Alisema, mutoto hawezi kwenda kule peke yake. Akamufuata.”

Nilikuwa nimemzika mzee yule, Dorcas. Nilibeba jeneza upande wa kulia, nyuma. Katika daftari niliandika: “Mazishi. Watu wengi. Mvua kidogo.” Na antena yangu ilikuwa imekunjwa chini ya kitanda, na betri ilikuwa nzima.

Mama Josefina hakunifariji, na namshukuru kwa hilo. Alimaliza beseni lake, akajaza kopo moja la maharage, akanipa. “Ya mutoto mwenye anasafiri. Nasikia anaenda Kisangani. Iko na computer.”

“Ndiyo. Kuna fishi ya kusaini.”

“Umesaini?”

“Bado.”

Akafuta mikono yake. “Unangojea nini? Betri ipone?”

Kumbe alijua siku zote.

Maharage yake yako chini ya begi lako, kwenye kopo la maziwa. Uyapike juma la kwanza, usiyaache yaliwe na wadudu.

Sasa nisikilize, kwa maana sitaki ufikiri kwamba mama yule amenifutia kosa la kwanza. Karatasi ya wale wa barrière iliandikwa kwa sauti yangu. Angekosekana mama mwenye jembe, Dieudonné hangekuwa na watoto wanne leo kule Aru. Nimefikiri siku hizi mbili nikaona kwamba kosa lilikuwa kutomsikiliza mwenye habari. Mama Josefina alijua kiasi cha kusema. Alikuwa amekipima tangu nyumbani kwake mpaka kwenye benchi. Mimi, kwa sababu ya mistari ya daftari, nikamvuta zaidi ya pale. Kwa hiyo utakapokuwa na waya wako ukutani, jina lako ni lako, litaje. Lakini safari ya mwingine, nani amelala wapi, nani amepita njia gani, hiyo haikuwa yangu wala haitakuwa yako. Watakuuliza. Wengine watauliza kwa upendo. Mwachie mwenye habari aipime.

Na kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu la kwanza nililifanya nikidhani nasaidia watu, lakini la pili nililifanya nikijisaidia mwenyewe. Niliogopa kusikia. Nilijiambia nafunga poste ili nisimdhuru mtu tena, kumbe nilifunga nisije nikasikia Aru wakiuliza, “Dieudonné yuko wapi?” Kimya changu nilikiita busara miaka yote hii, na nimekulea humo. Siwezi kukurudishia ile insha kama ilivyokuwa siku ile. Nimeitia ndani ya begi la kompyuta, na mikunjo yake.

Kuna siku huko utafanya kosa. Utatuma neno usilopaswa kutuma, au mtu ataumia kwa ajili yako, na mkono wako utataka kuchomoa waya. Sina shauri kubwa kwa siku hiyo. Ninajua tu kwamba mtu anayekuita asubuhi ile huenda ana habari njema.

Nimemaliza fishi. Nimeijaza kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, kama walivyoomba. Jina lako kamili, pamoja na lile la nyanya ambalo halimo katika karatasi zako za shule kwa sababu mimi niliomba liondolewe. Jina langu. Jina la mama yako, nilimwita jikoni aje aone likiandikwa, akaja na mikono ya samaki, akasema, “Ah, leo tuna majina!” halafu akarudi haraka, nadhani moshi ulimwingia machoni. Kijiji cha asili nimekiandika na cha babu yako mzaa mama pia, ingawa nafasi ilikuwa ndogo. Saini iko chini. Fundi wa home atakubali.

Baada ya hapo nilifungua sanduku, nikatafuta daftari la siku zile. Wino umekuwa wa kahawia. Sikufuta kitu, maana daftari halifutwi. Chini ya mstari ule, mahali palipokuwa na nafasi, nimeandika kwa tarehe ya leo: “Betri ilikuwa nzima.”

Nasikia sauti yako barabarani, unamcheka mtu. Nifunge.

Utakapounganisha mashine yako, usihangaike kuniandikia marefu siku ya kwanza. Niite tu, ujue kama unanipata. Kila siku saa mbili asubuhi, ile saa ya phonie, nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha mlangoni, simu imewashwa, kaka yako amenionyesha namna ya kuongeza sauti. Ukiita mara moja nisijibu, ita tena. Na ukinikosa kabisa, usikae matanga, mwanangu: siku hiyo betri imekufa kweli.

Papa yako